Programu ya kuondoa chenga kwenye picha: angalia inachobakiza

Ndugu zangu wakulima na maafisa ugani wenzangu, leo tuache mbolea pembeni tuzungumze picha. Ushauri mwingi siku hizi unapita kwenye simu, na picha nyingi ninazopokea zimepigwa jioni, mtu akiwa anamalizia kazi shambani. Mwanga ukiwa hafifu, simu hupandisha ISO, na picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Ndipo watu wananiuliza: bwana shamba, nitumie programu gani kuziondoa?

Mama mmoja mkulima wa nyanya alinitumia picha ya jani laini, kijani safi kama la kalenda, akilalamika kuwa majani yanageuka manjano na kukauka. Nikamwomba ile ya kwanza, kabla hajaisafisha.

"Hiyo ina chenga, bwana shamba, naona aibu kukutumia."

"Nitumie hivyohivyo, mama."

Kwenye ile ya chenga niliona vidoa vidogo vyeupe vilivyosambaa juu ya jani. Nikamwambia ageuze jani aangalie chini: utitiri. Programu ilikuwa imevifuta vidoa pamoja na chenga, kwa sababu kwake vyote ni vitu vidogo visivyolingana na jirani zake. Wakati huo mama alikuwa ameshanyunyiza dawa ya wadudu mara mbili. Utitiri ni jamaa ya buibui, na dawa nyingi za kawaida za wadudu humwacha yeye zikaua maadui wake. Hela imekwenda na tatizo limezidi.

Kwa hiyo programu nzuri kwa kazi yetu ni ile inayokuacha uamue kiasi, na inayotenganisha chenga za rangi na chenga za mwanga. Chenga za rangi ni yale madoa ya zambarau na kijani yasiyokuwepo shambani. Hizo ondoa bila huruma sana. Chenga za mwanga ni ule mchanga mweusi na mweupe. Hizo punguza kidogo tu, kwani humo ndimo dalili zinapojificha. Kwenye kompyuta, darktable na RawTherapee hufanya hivyo na ni za bure. Hufanya vizuri zaidi ukipiga picha kwa RAW; ya JPEG simu yenyewe imeshaisafisha kabla hujaiona. Kwenye simu, Lightroom nayo ina vipimo viwili hivyo.

Zile za akili bandia za kulipia, kama DxO PureRAW au za Topaz, zinapendeza kwa picha za harusi. Zinataka kompyuta yenye nguvu, ambayo ofisi nyingi za kata hazina. Tena hujaza sehemu iliyopotea kwa kubahatisha kutokana na picha zilizojifunza. Mimi kwenye jani gonjwa sitaki kubahatishiwa.

Kabla hujaamua, ijaribu. Tafuta kiwavijeshi vamizi kwenye muhindi, mpige picha jioni. Unajua tayari anavyotakiwa kuonekana: Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Pitisha picha kwenye programu, ikuze mpaka asilimia 100, uhesabu madoa. Yakiyeyuka hata moja, punguza nguvu. Ukiishapunguza na bado yanayeyuka, tafuta programu nyingine.

Kama jani umeshalichuma na liko mezani, kuna njia isiyohitaji kubahatisha kabisa: weka simu isitikisike, piga picha nne zilezile, uzichanganye kwa wastani kwenye GIMP. Chenga hupungua kwa nusu na vidoa vinabaki. Shambani kwenye upepo haifai.

Na ukinitumia, tuma zote mbili, ya asili na iliyosafishwa, kwa WhatsApp kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, nami napokea ukungu.