Makro Niliyoirithi

"Mwanangu, mkopo nimeshamaliza, mbona mnanikata tena?" Mwalimu mstaafu aliniuliza hivyo dirishani, foleni nzima ikisikia. Faili la makato ya SACCOS yetu nililikuta, aliyeliandika alishahama. Ila dirishani nakaa mimi, na minong'ono ya wizi ikaniangukia mimi. Kula kulinishinda.

Nikaifungua makro. Juu kabisa: On Error Resume Next. Yaani kosa likitokea, Excel inalipita kimya na kuendelea na mstari unaofuata. Mwalimu hakuwemo kwenye shiti ya mikopo, maana alishalipa. WorksheetFunction.VLookup ikashindwa kumpata, na salio likabaki lile la mwanachama aliyemtangulia. Deni la mwenzake ndilo likaandikwa mbele ya jina lake.

Nilipoufuta mstari ule, balaa la pili likajitokeza. Karani mwenzangu aliita shiti "Machi" na kuacha nafasi mwishoni; makro ikasimama kwa kosa namba 9, naye akabonyeza End. Kumbe ilikuwa imeshaweka ukokotoaji wa mkono ili iende kasi. ScreenUpdating hujirudia makro ikiisha. Calculation na EnableEvents hubaki vilivyoachwa. Hata bajeti ya mwenyekiti, iliyokuwa wazi pembeni, ikaganda na jumla za zamani mpaka mtu abonyeze F9. Mnaweza kufikiria kikao kile.

Nikaiandika upya. Sasa inaanza kwa kutunza hali iliyoikuta. On Error GoTo hupeleka kosa kwenye lebo Kosa, hapo Err.Number na Err.Description hunakiliwa kwanza, kwa kuwa Resume huvifuta, ndipo inakuja Resume Usafi. Kazi ifaulu isifaulu, inatokea mlango huo mmoja wa lebo Usafi, na kila kilichozimwa kinarudishwa kilivyokuwa. Asiye na mkopo anatafutwa kwa Application.VLookup, anapimwa kwa IsError na kuandikiwa sifuri. Huyo si kosa, ni mtu aliyelipa.

Mwalimu alirudishiwa fedha zake. Karani, shiti ikikosekana, anasoma jina la shiti hiyo kwenye ujumbe wa Kiswahili, anarekebisha mwenyewe, hanipigii simu. Umeme tu ndio hauna lebo ya kuudaka, kwa hiyo kabla ya lolote makro inaita SaveCopyAs.