Mia Tano Iliyogeuka Sifuri

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka Marekani mwaka 1982, haijui kuzungukazunguka. Ukichanganya aina za data inakuambia usoni: ?TYPE MISMATCH ERROR, pamoja na namba ya mstari. Siku hizi naichezea ndani ya kompyuta ya kisasa, kwa programu inayoiiga, na ukali wake bado naupenda.

Chukua daftari la michango, kwa lugha ya BASIC:

10 FOR I=1 TO 3
20 READ K$
30 J=J+K$
40 NEXT I
50 PRINT J
60 DATA "500","1,000","MIA TANO"

Andika RUN, itagoma mstari wa 30. Kisa? Ile alama ya dola. J ni namba. K$ ni maneno, hata kama ndani yake imeandikwa 500. Alama za kunukuu zimeshaifanya 500 kuwa herufi tatu tu, sawa na jina la mtu. Namba na maneno havijumlishwi, basi.

Washikaji wengi watakupa dawa moja: VAL. Weka J=J+VAL(K$), kelele kwisha. Kweli mashine inanyamaza, tena inatoa jibu: 501. Jamani! Watu watatu wamechanga 2,000. Nyingine zimekwenda wapi? VAL husoma toka kushoto, na ikikuta kisichokuwa namba inaishia hapo. "1,000" ikakatikia kwenye mkato, ikawa 1. "MIA TANO" haikuanza na tarakimu, ikawa 0. Mtu katoa pesa yake, kwenye jumla hayumo.

Mimi nasema, kosa haliponi kwa kunyamazishwa. Amua kwanza kitu ni nini. Pesa ni namba: andika READ K, J=J+K, halafu DATA 500,1000,500, bila alama za kunukuu. Sasa jibu ni 2000. Namba ya simu, hata ikiwa tarakimu tupu, iache iwe maneno. Hakuna anayeijumlisha, na ukiigeuza namba, sifuri ya mbele inapotea.

Nasi waandishi chipukizi tunapenda sana wahariri wapole. Lakini mhariri anayekuita kwenye mstari wa 30 hana chuki nawe. Wa kuogopa ni yule anayepokea kila kitu kimyakimya, kisha anakurudishia 501.