Kuuza si Kuuzisha

Katika Kiswahili sanifu tunachosoma hapa kitivoni, kuuza ni kutoa kitu ili upate fedha, na kununua ni kutoa fedha ili upate kitu. Ukishuka soko la Kadutu, pale Bukavu, mambo yanageuka. Mama akisema anakwenda kuuza sukari, ana franga mkononi na sukari bado iko dukani. Mwenye duka ndiye anayeuzisha. Wenzangu wa Lubumbashi husema vivyo hivyo. Muundo huu hauna ajabu: Kinyarwanda, jirani yetu, kina kugura kwa kununua na kugurisha kwa kuuza, yaani kumfanya mwingine anunue. Kiswahili chetu kilipita njia hiyohiyo.

Darasani jambo hili huchekesha. Mwalimu hulitaja, tunacheka, tunaendelea na somo. Kwetu kijijini halikumchekesha mtu.

Kwetu ni sentre ndogo katika territoire ya Kabare, kwenye barabara ya taifa namba 2, upande wa kwenda Kavumu kwenye uwanja wa ndege. Jina lake silitaji, wala jina la kampuni, kwa kuwa kesi iko mbele ya tribinali. Inatosha kujua kwamba pana barabara yenye maduka, kanisa, shule, na nyuma yake mlima wa mashamba. Kando ya mlima huo kuna konsesio ya zamani ya Wazungu iliyokuwa na miti ya kinini. Miti ilikatwa siku nyingi. Kampuni moja ya ujenzi ilinunua konsesio hiyo ili ifanye lotisema: barabara zilizonyooka, parseli zenye namba, nyumba za matofali ya kuchoma.

Hakuna aliyeipinga konsesio. Hili nalisema mapema, kwa sababu tulipewa jina la wapinga maendeleo kabla hatujafungua midomo. Upinzani ulianza pale ramani ya kampuni ilipovuka ile konsesio na kupanda mlimani, kwenye mashamba ya familia zetu. Mojawapo ni la tate, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Halifiki hata hekta moja. Lina maharage, mihogo, migomba na mibuni michache, na ndilo lililolipa minervali yangu ya shule ya sekondari.

Kampuni iliita mkutano mwaka 2022. Karatasi ilisomwa mbele ya watu, katika Kiswahili kizuri cha vitabu. Sentensi moja ilisema hivi: wenye mashamba ya mlimani wamekubali kuuza kwa kampuni, kwa bei nafuu, kabla ya ujenzi kuanza. Isome kwa sikio la sanifu: wakulima wanatoa mashamba na kampuni inatoa fedha. Sasa isome kwa sikio la Kadutu: wakulima watanunua parseli kutoka kwa kampuni, kwa bei kidogo, kabla watu wa mjini hawajafika. Kihusishi "kwa" hakimzuii msomaji yeyote. Kinakubali pande zote mbili. Watu walipiga makofi. Wengi wakatia kidole gumba kwenye wino. Tate alikuwa mmoja wao.

Wiki chache baadaye walikuja vijana wenye mita na rangi nyekundu, wakaanza kupanda mawe ya mpaka katikati ya maharage. Wanawake waliketi chini shambani wakakataa kuondoka. Usiku mawe yaling'olewa. Asubuhi polisi walifika. Ndipo familia zikachanga fedha na kumtafuta wakili.

Nilikuwapo siku Maître alipomhoji tate. Alimuuliza kwa Kiswahili cha heshima:

"Mama, siku ile ulikubali kuuza?"

"Ndiyo, nilikubali."

Maître aliweka kalamu chini akanitazama. Tate naye akanitazama, kama mtu anayeshangaa kwa nini msomi huyu amenyamaza. Kisha akaongeza:

"Nilikubali kuuza. Sikukubali kuuzisha. Walituambiaka tutauza parseli bei kidogo. Mimi niuzishe shamba, nikale wapi?"

Maître aliniomba niandike kurasa tatu za kuwaeleza majaji tofauti hiyo, kwa Kifaransa. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua mwezi, na aliyeirefusha ni baba yangu mdogo.

Baba mdogo ni komisioneri. Anatafutia watu nyumba na viwanja, anapata chochote kila mapatano yakikamilika, na kampuni ilikuwa imempa kazi. Hakunificha mawazo yake. "Mtoto wangu," alisema, "tate anaenda kanisani kila Jumapili. Anajua Yusufu aliuzwa na ndugu zake. Je, anadhani ndugu zake walimnunua? Anasikiliza redio. Kiswahili cha redio anakielewa. Ninyi wa linguistiki mnatafuta shimo la kutokea."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na sikuweza kuiruka. Watu wa kwetu wana Kiswahili zaidi ya kimoja kichwani. Wanasikia kimoja kanisani na redioni, wanatumia kingine sokoni, na juu ya vyote kuna Mashi cha nyumbani. Neno "kuuza" linaishi katika nyumba zote mbili. Kwa hiyo nilikwenda kuwauliza waliotia kidole, mmoja mmoja, bila kuwapendekezea jibu: siku ile mlikubaliana nini? Baadhi walisema walielewa kwamba kampuni inataka mashamba, wakaona bora wapate kitu kuliko kukosa yote. Wengine walisimulia kama tate. Wengine walisema hawakusikia vizuri, walifuata jirani.

Niliandika hayo yote, hata yale yasiyotusaidia. Hitimisho langu likawa dogo kuliko nilivyotaka: karatasi ile haithibitishi kwamba watu walidanganywa, lakini haithibitishi pia kwamba walikubali. Msikilizaji mwenye maana mbili huchagua ile anayoitarajia. Watu waliokuwa wakitamani kwa miaka parseli yenye hati walisikia habari ya parseli yenye hati. Aliyeandika huenda hakuwa na nia mbaya. Lakini angeuliza swali moja tu kwa lugha ya soko, jambo lingejulikana palepale.

Sheria yenyewe inadai swali hilo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inataka ardhi ya mashambani isitolewe kabla ya uchunguzi wa awali, na katika uchunguzi huo wenye malalamiko wasikilizwe hata wakiyaleta kwa mdomo. Kusikiliza kwa mdomo ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya kadastri. Sheria haisemi kwa Kiswahili kipi.

Kampuni ilijibu kwa njia nyingine. Ilisema hata kama hakuna mauzo, watu wa mlimani ni "wapangaji" tu. Hapo tuliingia katika neno la pili. Katika Bushi kuna mapatano ya aina mbalimbali juu ya ardhi. Kalinzi ni haki ya kudumu: babu alitoa ng'ombe kwa mwenye mamlaka ya ardhi, na haki hiyo ikarithiwa na watoto wake. Bwasa ni ya muda: unalima mazao ya msimu, kisha unarudisha, wala hupandi mgomba wala mbuni, kwa kuwa miti hiyo ingebaki kusema wewe ni mwenyeji. Na bugule ni ununuzi. Anayeita vyote "upangaji" amewatia watu wa kalinzi katika bwasa bila kugusa jiwe hata moja. Mushamuka mmoja wa kwetu alilieleza bila nadharia: alinionyesha migomba ya tate akasema, "Mtu wa bwasa angethubutu?"

Neno la tatu ni la zamani zaidi. Katika ramani, sehemu zilizokuwa zikipumzishwa ziliandikwa "tupu". Tangu amri ya tarehe 1 Julai 1885, Dola la Leopold II lilijitangazia kwamba ardhi tupu ni yake, na swali la nani anaamua utupu halijatuacha hadi leo. Sheria ya 1973, katika kifungu cha 388, inatambua kwamba ardhi ya jamii ni ile ambayo watu wanakaa, wanalima au wanatumia kwa namna yoyote kulingana na mila. Kifungu cha 389 kinaahidi amri ya Rais ya kupanga haki hizo. Sheria ilipotimiza miaka 50, mwaka 2023, amri hiyo ilikuwa bado haijatoka. Katika pengo hilo ndimo wanamoishi watu wa kalinzi: sheria inawajua, lakini haijasema iwafanyie nini.

Nimeandika haya yote bila kumsahau mjomba wangu. Anakaa Kadutu, kwenye mteremko, na watoto wake. Mvua ikinyesha usiku hawalali, wanasikiliza udongo. Bukavu imejaa, kila msimu wa mvua mabonde yake yanachukua nyumba. Mjomba aliniambia waziwazi: "Ninyi mnalinda maharage, sisi tunatafuta mahali pa kulaza watoto." Sikuwa na jibu la kumshinda. Nyumba zinahitajika, na zitajengwa pande za Kabare kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Ila nilimuuliza anadhani parseli moja itagharimu dola ngapi. Alipotaja bei aliyoisikia kwa makomisioneri, yeye mwenyewe akacheka. Nyumba zile hazikuwa zake. Hilo halikumwondolea mteremko, wala halikunifanya nijione mshindi.

Mwaka jana palikuwa na mkutano mwingine, mbele ya wakuu wa eneo. Safari hii, kabla karatasi haijasomwa, mushamuka yuleyule alisimama akaomba jambo moja. Alisema kila panapokuja neno la kuuza, msomaji asimame na aseme nani anatoa shamba na nani anatoa franga. Msomaji alikubali. Mkutano ulichukua saa nyingi kuliko ule wa kwanza, na mwishoni hakuna aliyepiga makofi, lakini kila mtu alijua alichokisikia. Familia chache zilikubali kutoa mashamba yao kwa bei waliyoitaja wenyewe. Tate na wengine walikataa. Majina yao yaliandikwa katika orodha mbili, kila moja na kichwa chake: wanaotoa, wasiotoa. Orodha hizo sasa ziko kwa majaji pamoja na kurasa zangu tatu.

Baba mdogo bado ni komisioneri, na bado tunakula meza moja. Ameanza kusema "kutoa shamba" anapozungumza na wazee. Anasema ni kwa sababu ya biashara; mtu akielewa vibaya leo, kesho anang'oa mawe.

Sijui tribinali itaamua nini, na sitaki kuwaambia wasomaji wa jarida hili kwamba linguistiki iliokoa shamba. Jambo ninaloliomba ni dogo. Wengi wetu tunatoka sentre kama hizo, Walungu, Kalehe, Uvira, Fizi, na kila mahali kuna lugha ya nyumbani, Kiswahili cha soko, na karatasi zinazokuja katika Kiswahili cha vitabu au Kifaransa. Mnaporudi likizo, sikilizeni karatasi hizo zikisomwa na mwandike maneno yanayosikika kwa maana mbili: ya ardhi, ya deni, ya urithi, ya dawa. Mimi nimeanza orodha. Ina maneno 31, na la kwanza mnalijua. Anayetaka kuongeza lake anaweza kunikuta maktaba, karibu kila alasiri.