Rubona, Ziwa Lililoficha Pumzi Yake

Msafiri atokaye mjini Gisenyi, akifuata ufuko wa Ziwa Kivu kuelekea kusini, hufika Rubona baada ya kilomita chache. Hapo huona mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, kiwanda cha bia, na chemchemi ya maji moto ambamo wenyeji huloweka viungo vyenye maumivu. Ziwa limetulia kama maji ya mtungini.

Utulivu huo, ndugu msomaji, una siri. Ziwa lina kina cha mita 485, na katika maji ya chini mmeyeyuka gesi nyingi: methani ipatayo kilomita za ujazo 60, na kaboni dayoksaidi ipatayo 300. Mbelgiji Hubert Damas aliyapima maji hayo mwaka 1935.

Je, kitu kisichoonekana hupimwaje? Wataalamu huteremsha kwa kamba chombo kinachopima joto, chumvi na mgandamizo kila kina. Penye kina kirefu joto hupanda badala ya kushuka. Lakini maji hayo, kwa wingi wa chumvi na gesi, ni mazito na hayapandi juu. Uzito wa maji ya juu huifunga gesi kama kizibo cha soda. Tangu mwaka 1963 gesi ilivutwa hapa Rubona kwa bomba, ikawa kuni za kiwanda cha bia.

Hata katika bahari za ncha ya kaskazini, ardhi iliyoganda chini ya sakafu ya bahari huchunguzwa kwa njia za ukoo huo: sauti hupita upesi zaidi palipoganda, umeme hupita kwa shida, kisha hutobolewa na kuteremshwa kipimajoto.

Kazi hii si anasa ya wasomi. Mwaka 1986 Ziwa Nyos, Kameruni, lilitoa kaboni dayoksaidi ikaua watu wapatao 1,700. Volkeno ya Nyiragongo ilipomwaga moto wake ndani ya Kivu, Januari 2002, wataalamu walipima upya, wakakuta matabaka ya chini hayakutibuka.

Nchi kavu nako, kandokando ya volkeno, gesi hiyo hutuama mabondeni. Wenyeji huiita mazuku. Mzazi, usimwache mtoto acheze humo.

Askari hulinda mpaka auonao. Wapimaji wa Kivu hulinda usioonekana, na zamu yao haina mwisho.