Dizaina wa Sinza na kadi 300 za harusi: kumbe ishu haikuwa spidi

Mjini siku hizi kila mwenye laptopu na bando ni dizaina. Bei zimeshuka, ushindani mkali, na mteja akikupigia leo anataka mzigo wake uwe umeisha jana. Ndiyo maana madizaina wengi wanatembea na macho mekundu. Ukiwauliza dawa ni nini, watakwambia mkono mwepesi, au mashine yenye nguvu zaidi.

Kijana mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, jina kapuni, aliamini hivyo hivyo kwa miaka mitatu. Ukimuona akifanya kazi unaweza kumpigia makofi, mausi inaruka tu. Kava za singo, posta za shoo, flaya za klabu za Ijumaa, zote zake. Wapo hata mastaa wawili watatu wa Bongo Fleva wanaomtumia. Lakini kulala kwake ilikuwa saa 10 alfajiri, tena siku njema.

Muda wake ulikuwa unaenda wapi? Chukua posta moja ya shoo. Promota anataka ya Instagram, ya stori, ya YouTube na ya kubandika ukutani. Jamaa alikuwa anaitengeneza kila moja upya, kuanzia sifuri. Zikiisha tu, simu inaita: "Kaka, ukumbi umebadilika." Anafungua mafaili manne, anarekebisha moja moja. Kwenye laptopu yake kulikuwa na "mwisho", "mwisho 2" na "mwisho kabisa", na mwenyewe hajui ipi ndiyo ya mwisho kweli.

Kisha ikaja harusi. Mama yake ndiye aliyemtafutia ule mchongo, kwa mwenzake wa kikoba. Kadi 300 za kutumwa WhatsApp, kila moja na jina la mgeni, na chini yake imeandikwa Single au Double. Kijana akaanza kuandika kwa mkono: jina, hifadhi, futa, jina jingine, hifadhi. Usiku wa tatu, saa 9, macho yakagoma, majina yakaanza kuingiliana.

Siku ya sherehe, baba mkubwa wa bibi harusi, aliyemlea binti baada ya baba yake kufariki, alifika mlangoni na mkewe. Kadi inasema Single. Vijana wa mlangoni hawamjui mtu, wao wanasoma kadi tu. Mama mkubwa na kitenge chake cha sare akaambiwa asimame pembeni. Simu zikapigwa, mwishowe akaingia, lakini watu walishaona.

Hela iliyobaki haikulipwa. Hiyo ilikuwa nafuu. Kilichomuuma kijana ni mama yake, ambaye hata hakufoka. Alisema tu: "Mwanangu, umeniaibisha kwa watu ninaokula nao sahani moja."

Wiki hiyo akaenda kwa dada mmoja wa steshenari Kariakoo anakochapishia kazi zake. Dada huyo anatengeneza kadi nyingi kumzidi, na saa 12 jioni anafunga duka anarudi kwa wanawe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa hapo, fungua kazi yako, fanya nione."

Akamtazama dakika kumi hivi. Kisha akamwambia: "Mdogo wangu, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Ila wewe kazi moja unaifanya mara mia tatu. Mimi naifanya mara moja."

Hiyo ndiyo siri yote. Mengine aliyomfundisha ni namna ya kuitekeleza.

1. Majina ajaze kompyuta

Orodha ya wageni inaandikwa kwenye Excel: safu moja jina, safu nyingine aina ya kadi. Inahifadhiwa kama CSV. Ndani ya Photoshop, menyu ya Image ina sehemu inaitwa Variables. Pale unaiambia leya ya jina ifuate safu ya jina, na leya ya aina ifuate safu ya aina. Unaingiza orodha, kisha unakwenda File, Export, halafu Data Sets as Files. Programu inatoa PSD moja kwa kila mgeni. Ukimaliza, Image Processor, iliyo File kisha Scripts, inazigeuza zote kuwa JPEG wakati wewe unakunywa chai. Wa CorelDRAW wana Print Merge. Wa Canva ya kulipia wana Bulk Create.

Dada akaongeza mambo mawili. Kwanza, orodha ikaguliwe na kamati kabla hujagusa kadi, kwa sababu kosa ni rahisi kulirekebisha kwenye Excel kuliko mlangoni mwa ukumbi. Pili, anza kwa kujaribu jina refu kuliko yote. Likikaa vizuri kwenye kadi, mengine hayatakusumbua.

2. Kinachojirudia kikae sehemu moja

Tarehe, ukumbi, kiingilio na logo za wadhamini ziunganishe ziwe Smart Object. Ukizinakili kwa Ctrl+J, nakala zote zinabaki zimeungana. Fungua moja, badilisha tarehe, hifadhi, na kote kunabadilika. Kwa hiyo faili moja linabeba kurasa zote, yaani Artboard: 1080 kwa 1350 ya Instagram, 1080 kwa 1920 ya stori, 1280 kwa 720 ya YouTube. Promota akibadilisha ukumbi, unagusa sehemu moja.

Angalizo: nakala ikitengenezwa kwa "New Smart Object via Copy" inajitegemea, haifuati wenzake. Na kama kuna ya kubandika ukutani, anza na hiyo kubwa. A3 ni milimita 297 kwa 420, na kwa uchapaji mzuri weka 300 dpi. Kubwa inapunguzwa, ila ndogo ukiivuta iwe kubwa inatoka na ukungu.

3. Rekodi mara moja

Una picha 200 za pati, zote zinatakiwa zipunguzwe na ziwekwe logo. Fungua paneli ya Actions, bonyeza rekodi, fanya picha ya kwanza taratibu, simamisha. Kisha nenda File, Automate, Batch, uielekeze kwenye folda. Zilizobaki zinajifanya zenyewe.

4. Vitufe vitatu kwa wiki

Usikariri orodha nzima ya njia za mkato, utaisahau kesho. Wiki ya kwanza: Ctrl+T kubadili ukubwa, Ctrl+J kunakili leya, Ctrl+G kuziweka leya kwenye kundi. Wiki inayofuata ongeza nyingine. Mojawapo tamu: shika Alt, bonyeza kijicho cha leya, na leya nyingine zote zinajificha. Ukirudia, zinarudi. Wa Mac, Ctrl kwenu ni Cmd, na Alt ni Option.

5. Mteja naye awekewe utaratibu

Hapa programu haisaidii. Maneno yote ya kazi yaje yameandikwa, kwa ujumbe mmoja, kabla hujafungua faili. Siyo voisi noti saba. Mabadiliko mawili ni bure, la tatu linalipiwa. Picha atume kama dokumenti, maana WhatsApp ikitumiwa kawaida inazibana. Na jina la faili liwe na tarehe, mteja na namba ya toleo. Neno "mwisho" lipigwe marufuku.

Kijana alihangaika kama mwezi hivi. Mwanzoni kupanga faili kulimchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, na mara mbili nusura arudie mtindo wake wa zamani. Sasa hivi promota akipiga saa 5 usiku, tarehe inabadilishwa, kazi inatumwa, na saa 6 jamaa yuko kitandani. Wateja hawajaongezeka sana. Ila hafanyi tena kazi ambayo asubuhi haikumbuki.

Mama yake alikaa karibu mwaka bila kumletea mtu. Juzi kaja na kazi ya kipaimara cha mtoto wa jirani, kadi 80. Kabla hajampa namba ya simu ya mwenye shughuli, akauliza: "Orodha ataikagua nani?"

Kijana akajibu: "Mwenye shughuli kwanza, kisha wewe mama."

Mdau, wewe ni kazi gani unairudia kwa mkono kila siku?