Ubishi wa Subaru na Mitsubishi

Miaka ya tisini vijana wa Kigonsera tuligawanyika kambi mbili kwa magari ambayo hakuna aliyewahi kuyatia machoni. Tommi Mäkinen aliposhinda Safari Rally ya 1996 kwa Mitsubishi Lancer, sisi wa Subaru tulinuna. Mwaka uliofuata Colin McRae akalitwaa taji kwa Subaru Impreza, tukatamba mpaka tukachukiwa. Mwaka 1998 Richard Burns akalirudisha Mitsubishi. Mwaka 2000 Burns yuleyule akashinda akiwa na Subaru, na kila kambi ikasema ni mtu wake.

Barabarani kwetu kipimo kilikuwa kingine kabisa. Masika gari zuri ni lile lililotoka kwenye tope: Land Rover 109 imeshona abiria na magunia, utingo ananing'inia nyuma na jembe lake. Spidi nani aliiuliza?

Fundi mmoja ndiye aliyetufafanulia turbo ya magari yale ya mashindano: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha pangaboi, nalo linasukuma hewa zaidi kwenye silinda, mafuta yanaungua kwa nguvu. Injini zote mbili zilikuwa za lita 2; za Subaru pistoni zimelala, za Mitsubishi zimesimama. Mimi nilipenda alivyoeleza milipuko yake: dereva akiachia mafuta, petroli inawakia kwenye bomba la moshi ili pangaboi lisipunguze mwendo.

Miaka ya 2010 ikaja lami ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kwa fedha za Marekani, na ubishi ukapata magari ya kweli. Zikaanza kupita Subaru Forester zenye tundu la hewa juu ya boneti. Lancer za mashindano hatukuziona. Mpinzani akawa Toyota Mark II yenye turbo.

Lami ilipofika Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, mlima ukawa mwamuzi. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, Mbinga inapita 1,200. Huko juu hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inachoka. Yenye turbo inajijazia. Nilipanda na mpwa wangu katika Forester yake. Akikanyaga, inasita kwanza, kisha inakubana kwenye kiti. Mark II moja ilituacha paliponyooka, tukaikamata kwenye kona zenye maji, maana yenyewe inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

“Umeona, mjomba?” akasema. Kufika juu hakuzima injini. Aliiacha ingurume kidogo ili oili ipooze turbo, macho yake kwenye mshale wa mafuta. Kijiweni siku hizi wanaulizana lita moja inakwenda kilomita ngapi, na hapo Toyota IST ya jirani, isiyo na turbo, inawashinda wote.