Barua kwa Mjomba, Kunduchi Pwani

Tromsø, Norwei
28 Mei 2024

Mjomba,

Huku usiku umekwisha, jua halizami tena mpaka Julai. Uliniuliza kwa simu nasomea nini hasa. Nasomea rangi ya bahari. Barafu ya Bahari ya Barents ikiyeyuka, maji yake matamu huelea juu ya yale ya chumvi, na vimea vidogo mno viitwavyo fitoplanktoni hubaki juu penye mwanga badala ya kuzama gizani. Virutubisho vimejikusanya wakati wote wa baridi, na sasa jua limerudi. Muda si mrefu bahari inageuka kijani, na riziki ya samaki wa huku huanzia hapo. Setilaiti huutambua ukijani huo kwa kupima mwanga unaorudi kutoka majini. Chombo cha kwanza cha kazi hii kilirushwa 1978 katika setilaiti ya Nimbus-7. Setilaiti mpya, PACE, imeruka Februari mwaka huu.

Kwetu ni kinyume. Jua tunalo mwaka mzima. Kinachopungua juu ni virutubisho, mpaka kusi livume na kuyavuruga maji. Wewe ulilijua hilo kabla sijazaliwa. Basi nilipofungua picha ya bahari ya mbele ya Kunduchi moyo ulinidunda, ila picha ile haitoshi. Ruvu na Wami humwaga matope, na kina cha pwani ni kifupi: setilaiti yaweza kuona tope au mchanga wa chini ikadhani ni mimea. Masika, mawingu hufunika kila kitu.

Hata huku kaskazini setilaiti hupitwa. Mwaka 2011, katika Bahari ya Chukchi, wanasayansi waliokuwa kwenye meli ya Marekani iitwayo Healy walikuta fitoplanktoni vimejaa chini ya barafu, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 100. Kutoka angani palionekana peupe tu. Walijua kwa sababu walifika na kuchota maji.

Kwa hiyo nina ombi, Mjomba. Vijana wa kampasi ya chuo kikuu hapo Kunduchi wakija na chupa zao, wape nafasi chomboni mwako mpaka nje ya kisiwa cha Mbudya. Wachote maji, waandike saa na mahali. Maji yale yakichujwa maabara hutoa kipimo cha klorofili, yaani ukijani wa vimea, na hicho ndicho cha kusahihishia picha. Nawe waeleze maji yalibadilika lini na dagaa waliingia lini. Hayo yaandikwe pamoja na vipimo vyao.

Hela ya mafuta ya mashine nimeituma kwenye simu ya mkazamjomba. Msalimie sana.

Mpwa wako